Mwaka Nilipomuua Wangechi kwa Picha

Wangechi tulimzika Alhamisi iliyopita, na karatasi ya mazishi iliyogawiwa pale, ile ya rangi yenye picha yake mbele, ilisema kwamba miaka yake ya mwisho aliishi kwa upweke lakini kwa subira. Niliisoma nikiwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki katikati ya watu wa kanisa lake, nikairudia. Upweke wa nani? Mchungaji aliuliza kama kuna rafiki mwenye neno, lakini watoto wa marehemu walikuwa wamekwisha kupanga wasemaji kwa orodha na mimi sikuwamo, nikanyamaza kwa heshima ya maiti. Sasa nimefika nyumbani na heshima imetosha. Sitaanza na nilizaliwa wapi wala babu yangu alifika Nyeri na nani; sisi watu wa Majengo, mtaa wa Waislamu hapa Nyeri, tunaulizwa hayo kila tukifungua mdomo, na mimi nimechoka kuyajibu. Nataka kusema habari za mwaka mmoja tu, mwaka niliotimiza sitini na tisa. Wengine wanadhani mtu hufundwa na dunia akiwa kijana, halafu basi, anabaki kusubiri kufa. Hao hawajazeeka. Mimi nilifundwa nikiwa na magoti mabovu na miwani ya kufunga kwa uzi.

Mimi na Wangechi tulikuwa mafundi cherehani. Tulikuwa wanawake tisa katika chumba kimoja nyuma ya duka la vitambaa mjini, tukishona sare za shule: sweta hatukugusa, lakini sketi, kaptura na mashati ya nusu ya Nyeri yalipita mikononi mwetu. Mle ndani tuliitana kwa majina yetu wenyewe. Nje mimi nilikuwa Mama Idrisa, yeye Mama Kimani, lakini tukivuka kizingiti mimi nilikuwa Zuhura na yeye Wangechi, na ole wake aliyesahau. Na tulikuwa na desturi moja ambayo sijaiona mahali pengine. Kila aliyeingia asubuhi, kabla hajavua koti, alitaja jina lake na alichobeba cha kula. "Wangechi, githeri." "Zuhura, chapati na ndengu." "Nyambura, viazi." Vyote vilikwenda meza moja ya kukatia vitambaa na tukala pamoja saa saba. Sababu yake ilikuwa hii: aliyekuja mikono mitupu alitaja jina lake peke yake, akakaa kwenye cherehani yake, na sisi wengine tukajua la kufanya. Hakuna aliyeomba na hakuna aliyeuliza.

Duka lilifungwa, tukatawanyika. Nyambura alirudi kwao Kangari kwenye majani yake ya chai, wengine wakaenda Karatina na Nanyuki, mimi nikabaki Majengo na Wangechi akabaki Ruring'u, karibu na uwanja wa mpira, kwenye vyumba vyake viwili. Miaka ikapita. Kisha mume wangu akafariki, na mwanangu Idrisa, ambaye ni msimamizi kwenye shamba la maua huko Timau, akaniletea simu kubwa ya kugusa, ati niwe naona picha za wajukuu. Nilidhani ningekuwa naiangalia tu. Hata kuiangalia kulinishinda, kwa sababu ile simu haikukijua kidole changu. Miaka thelathini ya sindano ilikuwa imekifanya kigumu kama kisigino, nikigusa kioo hakisikii. Idrisa alijaribu kunifundisha jioni moja, akakata tamaa, akasema labda nimezeeka mno. Neno hilo lilinikata maini. Wangechi alikuja kesho yake na yake, maana watoto wake nao walikuwa wamemnunulia, tukakaa mezani kwangu na birika la chai ya tangawizi, na kufikia adhuhuri tulikuwa tumegundua kwamba kidole cha mwisho, kile ambacho fundi hakitumii kwa kazi yoyote, kinasikika vizuri sana. Tangu siku hiyo natumia simu kwa kidole cha mwisho. Watoto wananicheka. Wacheke.

Wangechi ndiye aliyesema tuwatafute wale wengine. Tuliwapata sita, maana mmoja alikuwa amekwisha kutangulia, tukafungua grupu, na kwa kuwa macho hayakuturuhusu kuandika kwa zile herufi ndogo za simu, tukatumia sauti. Na bila mtu kupanga, asubuhi ya kwanza Nyambura akabonyeza kile kipaza sauti kutoka Kangari, nikasikia mvua inapiga mabati yake na sauti ileile ya miaka ile: "Nyambura, viazi." Nililia hapohapo jikoni na mwiko mkononi. Mume wangu alikuwa ameondoka miezi mitano nyuma na mimi nilikuwa nikiishi kwa chai na mkate, kwa sababu nani atapika sufuria nzima ale peke yake? Siku ya kwanza nilisema "Zuhura, chai na mkate." Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu niliona aibu, nikaenda sokoni nikanunua sukuma na nyama ya robo. Hilo ndilo lililoniinua. Sikuinuliwa na dawa wala nasaha, niliinuliwa na kule kujua kwamba kuna wanawake saba wanasikiliza nina nini kwenye sufuria.

Kuna binti mmoja, msomi, aliyekuja kuzungumza na wazee kliniki siku nilipokwenda kupima presha. Alituambia tupunguze mambo ya simu, kwamba yanaleta wasiwasi, yanaharibu usingizi, na wazee tunaambiana uongo mwingi. Nilimsikiliza mpaka mwisho kwa adabu. Sibishi kwamba uongo upo. Nimewahi kutumiwa dawa ya kitunguu ya kuponya kila kitu kuanzia macho hadi mapaja. Lakini yule binti hakutuuliza hata mmoja wetu tunazungumza na nani na tunaambiana nini. Aliona kioo cha simu, hakuona chumba. Mimi nikifungua grupu lile naingia chumbani kwetu nyuma ya duka, naisikia pasi ya mkaa na harufu ya khaki mpya, na wenzangu wananitambua kwa jina langu. Wasiwasi gani huo?

Sasa nije kwenye kosa, maana kosa lilikuwa langu na silikani. Ilikuwa msimu wa baridi, ule wa ukungu wa Julai ambapo mlima hauonekani wiki nzima. Wangechi alikuwa akitaja jina lake kila asubuhi kama kawaida, "Wangechi, githeri," lakini sauti yake ilikuwa imepoa. Kisha ikafika asubuhi moja hakusema kitu. Nikafikiri nimchangamshe. Nilikuwa na picha yake niliyompiga kwangu siku ya Idi, amevaa sweta yake ya kijani ya kanisa na kitambaa cheupe, anacheka, kapendeza kweli. Nikaituma kwenye grupu, halafu nikabonyeza sauti nikasema, "Jamani, mwangalieni msichana wetu alivyo mrembo, mwambieni aamke." Nikaiweka simu juu ya meza nikaenda kufua. Nisilojua ni kwamba picha ilikwenda, na sauti haikwenda. Bando lilikuwa limekwisha katikati. Sauti yangu ilibaki pale na alama ya kisaa kidogo pembeni, inangoja.

Anayeishi huku kwetu anajua picha ya mtu mzima, peke yake, asubuhi na mapema, bila neno hata moja, maana yake ni nini. Haiulizwi. Nyambura aliiona huko Kangari akaweka mshumaa na mikono ya kuomba. Wa Karatina akafuata na "Lala salama, fundi wetu." Mmoja akaipeleka kwa grupu la kanisa la Wangechi, la kanisa likaipeleka kwa grupu la akina mama wa Ruring'u, na kufikia saa nne habari ilikuwa imenirudia mimi mwenyewe. Jirani yangu alipiga hodi, uso umemshuka, akanishika mkono akaniambia pole kwa kuondokewa na rafiki. Nikamuuliza rafiki yupi. Akasema Wangechi. Nikamuuliza nani kasema, akaniambia imetangazwa kwenye magrupu. Nami, badala ya kufikiri, nilikaa chini kwenye ngazi nikalia mpaka kamasi zikanitoka. Nilimlilia Wangechi kwa kifo nilichokitangaza mwenyewe. Nikavaa buibui, nikachukua sukari kilo mbili na maziwa, nikaenda Ruring'u.

Mlangoni kulikuwa na viatu vingi. Ndani wanawake wa kanisa walikuwa wamejaa mpaka chumba cha kulala, wengine wamekwisha kuwasha jiko, mmoja anaosha chupa za chai, mwingine anakata mikate. Na katikati yao, kwenye kochi, akiwa na nguo ya kulalia na leso mabegani, alikuwa ameketi Wangechi, kipande cha mkate mkononi, anatafuna. Yeye aliniangalia, akaangalia ile sukari niliyobeba, akatikisa kichwa. Watu walianza kucheka, kwanza mmoja kwa aibu, kisha wote, na walioleta maziwa wakasema hawayarudishi, basi yakapikwa chai na ikanywewa. Mimi nilicheka nao, lakini niliona kitu ambacho wakati ule sikukitilia maanani. Wangechi alikula vipande vinne vya mkate. Alikula bila kunyanyua macho, mwanamke ambaye zamani ulikuwa unamsihi amalize nusu bakuli.

Kicheko kilikatika saa nane, alipofika Kimani, mtoto wake wa kwanza, kutoka Nairobi. Alikuwa ameendesha gari njia nzima akilia. Alipomwona mama yake amekaa, alimkumbatia, kisha akageuka kutafuta wa kulaumiwa, na mimi nilikuwa karibu. Alinisema mbele ya watu wote. Aliuliza ni mama wa aina gani anapewa simu na hajui anachofanya, na kama ningetaka kumuua mamake kwa presha au kumuua yeye barabarani. Kuhusu barabara alikuwa na haki. Halafu akampigia Idrisa. Jumamosi Idrisa akaja. Hakunigombeza, ingekuwa nafuu angenigombeza. Alizungumza polepole kama mtu anayezungumza na mgonjwa. Alisema kuna matapeli, kuna aibu, kuna hatari, na kwamba afadhali nitumie kabambe, ile simu ndogo ya kupiga na kupokea tu, na baada ya muda tutaangalia kama nihamie Timau niishi nao. Kosa lilikuwa limenifunga mdomo. Niliitoa ile simu kubwa nikampa kwa mkono wangu mwenyewe, na hilo ndilo ninalojutia mpaka leo kuliko ile picha.

Wiki saba nilikaa hivyo, na laini mpya ambayo wenzangu hawakuijua namba. Kila Jumapili Idrisa alipiga, akauliza kama nimekula, nikasema nimekula na nimeshiba, akasema haya Mama, na kwa sauti ya mlango wa gari nilijua yuko njiani kwenda mahali. Simlaumu, ana kazi na watoto. Lakini mazungumzo yenyewe hayakufikia kuchemsha chai. Nilirudi kwenye mkate. Kisha mkate nao ukawa mwingi. Niliamka, nikaswali, nikakaa kwenye kiti cha jikoni nikiangalia meko, na kila asubuhi mdomo wangu ulijitamkia wenyewe, "Zuhura," halafu basi. Hakukuwa na mtu wa kusikia kwamba jina limekuja peke yake. Nguo zilianza kunipwaya nikazipunguza kiunoni, na ndiyo kazi pekee niliyoifanya wiki zile. Nilianza kufikiri labda Idrisa ana haki, labda chumba kidogo Timau, na mtu wa kuniletea sahani, ndicho kinachonifaa.

Wangechi akaja. Alitembea kwa mguu kutoka Ruring'u na lile goti lake, alifika amelowa, akakaa jikoni kwangu bila kukaribishwa. Alifunua sufuria zangu moja moja, zote kavu. Kisha akaniambia maneno ambayo ndiyo yaliyonifanya nichukue kalamu leo, kwa sababu hayamo kwenye ile karatasi ya rangi.

"Zuhura, wewe hukuniua. Ulinipata nikiwa nimekufa wiki mbili. Nilikuwa nasema githeri kwa simu na hakuna githeri, hakuna hata moto. Niko tu kwa kitanda, naangalia ukuta. Nilikuwa naona aibu kusema jina peke yake. Sasa siku hiyo watu wakaingia na mikate, ndiyo nikajua ati kuna mtu angekuja."

Nilikumbuka vile vipande vinne vya mkate. Alivua kitambaa chake akakikamua maji kwenye sinki, akaongeza, "Na sasa ni wewe unakufa, na mimi sina picha yako ya kutuma. Enda Timau uchukue hiyo simu."

Tulicheka mpaka tukashikana. Halafu tukapika, mimi na yeye, ugali na mayai, vyote alivyokuja navyo kwenye mfuko wake, na baada ya hapo hakuniruhusu kukaa tena. Alinisimamia nikipanga mkoba. Lakini alipoondoka hofu ilinirudia, nikaghairi siku ile, na siku iliyofuata, Jumamosi, nikashinda kitandani bila kutia kitu mdomoni nikijiambia nitakwenda wiki ijayo. Jumapili asubuhi niliamka nikiwa na hasira, najua ilikuwa hasira kwa sababu ilikuwa na joto, nikavaa, nikaenda.

Timau ni baridi kuliko Nyeri, ngano mpaka macho yanachoka, na nyumba za wafanyakazi wa maua zimepangwa kwa mstari mmoja. Idrisa alifungua mlango akadhani kuna msiba. Mkewe, Salma, alikuwa anapakua wali na kuku, akaniwekea sahani, na nikakaa. Sikugusa chakula. Nilimwambia mwanangu kwamba nimekuja kuchukua simu yangu. Alianza tena ile sauti ya polepole: Mama, ni kwa faida yako, Mama, unakumbuka kilichotokea. Nikamwambia nakumbuka kuliko yeye.

"Idrisa, nilikosea na nitakosea tena. Wewe ulijikata vidole na mkasi wangu mara mbili ukiwa mdogo, na sikukukataza mkasi. Nipe simu."

Salma ndiye aliyeinuka. Aliitoa kwenye droo ya kabati, chini ya chaja na betri za tochi, akaichomeka umeme pale pembeni ya meza bila kumtazama mumewe. Ilipoamka ilianza kutetemeka, ikatetemeka mpaka ikasogea yenyewe juu ya meza. Nilibonyeza kwa kidole cha mwisho. Ikatoka sauti ya Nyambura: "Zuhura, tunajua wamekunyang'anya. Nafasi yako iko. Leo mimi viazi. Wewe una nini?" Baada ya hiyo, ya siku iliyofuata, mwanamke wa Karatina: "Wewe una nini, Zuhura?" Na iliyofuata. Walikuwa wamepeana zamu. Wiki saba, kila asubuhi, mmoja wao aliita jina langu na akaniuliza, wakijua sisikii. Idrisa alikuwa ameshika kijiko. Baada ya sauti ya sita au ya saba alikiweka chini, akatoka nje akasimama kwenye ua akiitazama ngano kwa muda mrefu, na mimi nikaendelea kusikiliza, kwa maana zilikuwa zangu.

Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu. Alisema nichukue simu, na kwamba hatazungumza tena habari za kunihamisha. Kisha akaniomba nimwingize kwenye lile grupu, ili awe anajua kila siku naendeleaje. Alikuwa na nia njema kabisa, na Salma akatikisa kichwa kukubali, ikaonekana kana kwamba jambo limeisha vizuri. Nikakataa. Nilimwambia kile ni chumba cha mafundi, na yeye hajawahi kushona hata kifungo.

"Wewe ni mwanangu, husikilizi mlangoni," nilimwambia. "Ukitaka kujua nimekula nini, niulize mwenyewe, na ukae usikie jibu."

Alivuta kiti akaketi, si upande wake wa meza, alikuja upande wangu. Alizima simu yake.

"Jana ulikula nini, Mama?"

Ile ya nimekula na nimeshiba ilikuwa tayari kwenye ulimi, kama kila Jumapili. Niliimeza.

"Jana sikula, Idrisa," nilimwambia. "Na juzi nililetewa."